Nzi wa matunda hufuataje harufu mpaka akafika? Kiroboti chetu kinazunguka tu

Kiwavi_Mbarara

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada wa wanaojua ubongo wa wadudu.

Klabu yetu ya sayansi inatengeneza kiroboti cha magurudumu mawili cha kutafuta sahani ya spiriti kwa kunusa. Kina kompyuta ndogo ya Arduino Uno na sensa mbili za mvuke wa spiriti aina ya MQ-3, moja kushoto na moja kulia, zimeachana sentimita 12. Feni ya mezani iko nyuma ya sahani, na kiroboti kinaanzia mita 2 mbele yake. Programu ni fupi: upande unaosoma harufu kali zaidi, geukia huko. Kikianzia sentimita 20 kutoka kwenye sahani kinafika. Kikianzia mbali kinajizungusha, tena kila mara upande uleule, na kubadilisha betri hakusaidii.

Nzi wa matunda, hawa wanaojaa juu ya ndizi ya bogoya iliyoiva, wana ubongo mdogo kuliko punje ya ulezi, lakini wanafika. Ninachotaka kujua ni hiki. Harufu ikishaingia kwenye kipapasio inapita wapi mpaka miguu au mabawa yageuke? Nzi analinganisha kushoto na kulia kama kiroboti chetu, au ana njia nyingine? Na je, lipo jaribio ambalo wanafunzi wanaweza kulisoma kwa macho, bila hadubini ya bei kubwa, tukapata namba zetu wenyewe kabla ya kugusa programu?

---

upepo_na_mbawa

Ndugu Kiwavi, anza na hewa kabla ya ubongo.

Harufu inayotoka kwenye sahani yako haitandazwi kama mteremko laini unaopanda kadiri unavyokaribia. Feni inaichana. Zinabaki nyuzi nyembamba zenye harufu kali, na katikati yake hewa safi. Sensa iliyo mita 2 kutoka kwenye sahani inaweza kupigwa na uzi mkali kuliko sensa iliyo mita 1, kwa muda mfupi sana, halafu ikakosa chochote kwa sekunde kadhaa. Ukiuliza "wapi ni kali zaidi sasa hivi", hewa yenyewe haina jibu. Pale kwenye sentimita 20 mnafanikiwa kwa sababu mkondo bado haujachanika.

Nzi anagawa kazi. Harufu inamwambia *lini*, upepo unamwambia *wapi*. Akiguswa na uzi wa harufu akiwa angani, anageuka kuukabili upepo na kusonga mbele; kwa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, hilo hutokea takriban milisekunde 190 baada ya kuipata harufu. Akiipoteza, harudi alikotoka. Milisekunde 450 hivi zikipita bila harufu, anaanza kuukata upepo kwa ubavu, kushoto kisha kulia, mpaka aguswe tena. Ukiuchora mwendo wake kutoka juu unapata zigizaga. Nondo dume wa hariri, Bombyx mori, ni mfano unaokufaa zaidi kwa sababu haruki: anatembea huku akipigapiga mabawa. Mpigo mmoja wa harufu ya jike humsukuma mbele moja kwa moja, mpigo ukikatika anaingia kwenye zigizaga, na zigizaga isipompa kitu anazunguka duara. Mpigo mpya unaanzisha mfululizo upya, popote alipofikia.

Mkiamua siku moja kutengeneza njia ya upepo ya nzi wanaoruka, kuna mtego mmoja. Mdudu aliye angani hawezi kuuhisi upepo mwilini, maana anabebwa nao. Anaupima kwa macho: ardhi ikiteleza kwa upande chini yake, anajua anasukumwa. J. S. Kennedy alionyesha hilo mwaka 1940 kwa mbu Aedes aegypti, kwa kusogeza mistari kwenye sakafu ya njia ya upepo. Kwa hiyo sanduku lenye kuta na sakafu nyeupe tupu litawapotosha nzi, na mtadhani harufu haifanyi kazi. Bandikeni sakafuni karatasi ya mistari myeusi yenye upana wa sentimita 2 au 3, ikiukata upepo, na msizime taa.

Anayetembea hana shida hiyo. Miguu imeshika ardhi, kwa hiyo vipapasio vinauhisi upepo moja kwa moja. Kiroboti chenu ni mtembeaji. Kipeni kitu cha kuhisi upepo na nusu ya tatizo imekwisha.

---

nyuroni_50

Naongezea njia ya ndani, kwa sababu kila hatua yake ina somo kwa programu yenu.

Kila kipapasio cha Drosophila kina takriban seli 1,200 za kunusa, na vile vipapasio vidogo vya mdomoni vina kama 120 kila upande. Seli moja kwa kawaida hubeba aina moja ya kipokezi cha kuchagua harufu, na seli nyingi hukiambatanisha na kipokezi-mwenza kiitwacho Orco. Viwili hivyo kwa pamoja ni mlango wa ioni, yaani chembe zenye chaji: molekuli ya harufu ikikaa, mlango unafunguka na umeme unapita papo hapo, bila ule mlolongo wa kemia ulio puani mwa binadamu.

Seli zote zenye kipokezi cha aina moja, hata zikiwa zimetawanyika kipapasio kizima, hupeleka nyuzi zao kwenye kifundo kimoja ndani ya ubongo. Vifundo hivyo ni takriban 50. Makumi ya seli yakimiminia kifundo kimoja, kelele za seli mojamoja zinafutana na ishara dhaifu inasikika. Sasa angalia mambo mawili yanayotokea hapo. Kwanza, miunganiko kati ya seli za kunusa na nyuroni (seli za neva) za kupeleka mbele huchoka haraka, kwa hiyo nyuroni hizo hupiga kwa nguvu harufu *inapoanza*, kisha hutulia hata harufu ikiendelea. Pili, kuna nyuroni za pale pale kwenye vifundo ambazo hutoa GABA, kemikali ya kutuliza neva, na kupunguza sauti ya vifundo vyote pale jumla ya harufu inapokuwa kubwa. Matokeo yake ni kwamba nzi hasikilizi kiasi cha harufu kama kilivyo; anasikiliza mabadiliko, yakiwa yamepimwa dhidi ya jumla. Kiroboti chenu kinafanya kinyume: kinasoma kiasi ghafi.

Kutoka kwenye vifundo njia inagawanyika mara mbili. Tawi moja linaingia kwenye pembe ya kando ya ubongo, inayoshughulikia yale nzi anayozaliwa nayo. Jeosmini, harufu ya udongo wenye ukungu, ina kipokezi chake maalumu kiitwacho Or56a na kifundo chake kimoja, na ishara yake kwa nzi ni moja: ondoka. Tawi la pili linakwenda kwenye miili ya uyoga, mahali pa kujifunza. Kila upande una nyuroni zake, ziitwazo seli za Kenyon, kama 2,000, na kila seli hupokea nyuzi 6 au 7 tu za vifundo, zilizochanganywa karibu bila mpango. Nyuroni moja kubwa kwa kila upande, APL, huzizima nyingi kati yake, kiasi kwamba harufu moja huamsha asilimia 5 hadi 10 tu. Ndiyo maana harufu mbili zinazokaribiana hazichanganywi. Dopamini, kemikali ya ubongo ya kufundishia, ikimwagwa wakati harufu ipo, muunganiko kati ya seli zilizoamka na nyuroni za kutoa uamuzi hudhoofika. Nzi aliyepigwa shoti akinusa harufu fulani anaikwepa kesho kwa sababu sauti iliyokuwa ikisema "karibia" imepunguzwa. Kwa kiroboti chenu, tawi hili liacheni kwanza.

Upepo una barabara yake mwenyewe. Unywele ulio kwenye ncha ya kipapasio, arista, unasukumwa na hewa, na ogani ya Johnston iliyo kwenye pingili ya pili inapima msukumo huo. Upepo wa kutoka kushoto husukuma vipapasio viwili kwa namna tofauti, na nyuroni zinazolinganisha hivyo viwili hutoa mwelekeo. *Hapa ndipo* kushoto na kulia vinapolinganishwa kwa uzito. Mwelekeo huo unafikishwa kwenye kompleksi ya kati, sehemu iliyo katikati ya ubongo, ambako kuna nyuroni zinazounganisha habari ya upepo na ishara ya "harufu ipo". Kutoka ubongoni hadi kwenye uzi wa neva wa kifuani zinashuka nyuroni takriban 1,300 tu, katika ubongo mzima wenye nyuroni 139,255 kwa ramani iliyotolewa mwaka 2024. Mojawapo ya hizo, DNa02, ipo moja kila upande: ya kulia ikipiga zaidi kuliko ya kushoto, nzi anayetembea anageukia kulia, na kinyume chake.

Kuhusu swali lako la pua mbili: seli nyingi za kunusa za nzi huyu hupeleka nyuzi pande *zote mbili* za ubongo, kwa hiyo kushoto na kulia vinachanganyika mapema, ingawa upande wa nyumbani hupata ishara yenye nguvu kidogo zaidi. Hilo halimaanishi kwamba halitumiki kabisa. Mwaka 2022 watafiti wa Yale walionyesha kuwa nzi anayetembea hutumia vipapasio viwili kujua harufu *inasogea* kuelekea upande gani, kwa tofauti ya muda wa kufika. Ni msaada juu ya upepo, haujachukua nafasi yake.

---

maabara_ya_jikoni

Jaribio la kuona kwa macho: tumieni mabuu wa nzi huyohuyo, si nzi wazima. Buu ana seli 21 tu za kunusa kila upande. Ramani ya ubongo wake mzima, iliyochapishwa mwaka 2023, ina nyuroni 3,016 na miunganiko 548,000. Na hewa ndani ya sahani iliyofunikwa imetulia, kwa hiyo mteremko wa harufu ni laini. Buu hategemei upepo. Anatambaa moja kwa moja karibu milimita 1 kwa sekunde. Harufu ikianza kupungua anasimama, anatupa kichwa upande mmoja, akikuta hakufai anakitupa upande wa pili, na upande ambao harufu inapanda ndio anaoshika. Analinganisha sasa na punde iliyopita. Mabuu waliobakiwa na seli hai upande mmoja tu bado hufika.

Kuwapata: chupa, nusu ya ndizi ndogo iliyoiva sana na kupondwa, hamira kavu kiasi cha ncha ya kijiko, na koni ya karatasi mdomoni yenye tundu la milimita 4 au 5. Nzi wakishaingia kama 30, waache siku moja watage, kisha watoe. Kwa joto la nyuzi 25, mabuu wakubwa huwa tayari siku ya 4 au ya 5. Chukueni walio *ndani ya chakula*. Wanaopanda ukutani wameshaacha kula na wanatafuta pa kugeuka kuwa pupa; hao wataharibu namba zenu.

Kuwatenga: koroga gramu 15 za sukari, ongeza maji mpaka ifike mililita 100, mimina juu ya chakula. Mabuu wanaelea, chakula kinazama. Waokoteni kwa brashi laini ya rangi, muwasuuze kwa maji safi mara mbili, muwaweke juu ya karatasi yenye unyevu kwa dakika 30 ili wapate njaa kidogo.

Sahani: gramu 4 za agari (unga wa mwani wa kugandisha) kwa mililita 200 za maji, yaani asilimia 2. Chemsha mpaka iwe angavu kabisa, mimina mililita 15 hadi 20 kwa kila sahani ya sentimita 9. Mtapata sahani kumi au zaidi kidogo. Chini ya asilimia 1 mabuu wanachimba na kupotelea ndani. Ikiganda, acheni wazi dakika 10 hadi 15 mpaka utando wa maji ukauke, la sivyo mabuu wanashikwa na maji na hawatoki. Gelatini ya dukani siishauri, inalainika mchana wa joto.

Harufu: isoamili asetati, ambayo ndiyo hasa harufu ya ndizi mbivu, ichanganywe 1 kwa 100 kwenye parafini nyeupe ya kunywa inayouzwa duka la dawa. Si parafini ya taa. Ile ina harufu yake kali na itawafukuza. Kipimo chepesi ni sindano ya insulini ya U-100 yenye mstari kwa kila uniti moja: mstari mmoja ni mikrolita 10. Bandika viduara viwili vya karatasi ya kuchujia, upana milimita 5, ndani ya *kifuniko*, kila kimoja sentimita 1 kutoka ukingoni, vikitazamana. Kimoja mstari mmoja wa harufu, cha pili mstari mmoja wa parafini peke yake. Mkitumia ethili asetati badala yake, tumieni sahani ya kioo. Ikiwa haijachanganywa inayeyusha plastiki ya sahani za kawaida.

Weka mabuu 20 kwenye mstari wa katikati, funika, hesabu dakika ya 1, ya 3 na ya 5. Ukanda wa sentimita 1 katikati hauna upande. Alama = (upande wa harufu − upande wa parafini) ÷ mabuu wote. Sahani moja ni namba moja, hata kama ina mabuu 20, kwa sababu wote wamekutana na mteremko uleule na mwanga uleule. Fanyeni angalau sahani 12, na katika nusu yake geuzeni upande wa harufu.

Adui mkubwa ni mwanga. Mabuu wanaukimbia. Dirisha likiwa upande mmoja mtapata matokeo mazuri sana ya harufu ambayo kumbe ni ya dirisha. Funikeni kwa boksi jeusi na muinue wakati wa kuhesabu tu.

---

Kiwavi_Mbarara

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Mawili yamebaki kwenye mabuu kabla hatujarudi kwenye kiroboti. Sahani bila harufu yoyote, mabuu wengi wanaishia ukingoni, tuwahesabu? Na wanafunzi wamegundua kwamba siki kidogo kwenye chupa inavuta nzi wazima, ila siki nyingi wanaikaa mbali. Ni kwa sababu inawaunguza au ni ubongo?

---

maabara_ya_jikoni

Ukingo: mabuu wanapenda kukaa wamegusa kitu, tena pale agari inapopanda kidogo ukutani pana unyevu. Wahesabuni, upande ni upande. Lakini sahani zisizo na harufu lazima zitoe alama inayozunguka sifuri. Zikiegemea upande mmoja, tafuteni mwanga, meza iliyoinama au joto la upande mmoja kabla ya kusema lolote kuhusu harufu. Mkiona wanaokwenda ukingoni ni karibu wote ndani ya dakika ya kwanza, agari imekauka mno. Nyunyiza maji kidogo, subiri dakika 2, jaribu tena. Na msivuke dakika ya 5 au zaidi kidogo: harufu inajaza sahani nzima, mteremko unakufa, na mabuu waliokwishafika wanaanza kutawanyika.

---

nyuroni_50

Siki ni ubongo, na ni mfano mzuri kuliko yote ninayoijua katika eneo hili. Kwa kiwango cha chini, siki huamsha vifundo vichache, na vile viwili vinavyoitwa DM1 na VA2 ndivyo vinavyomvuta nzi. Ukizima DM1 peke yake mvuto unaporomoka. Kiwango kikipanda, kipokezi kingine kisicho nyeti sana, Or85a, nacho kinaamka na kuwasha kifundo DM5, na hicho kimoja kinatosha kugeuza mvuto kuwa kukwepa. Ukiondoa DM5, nzi wanaendelea kuvutwa hata na siki kali. Hakuna hesabu ngumu hapo: nyaya zilizopangwa kwa vizingiti tofauti.

Njaa nayo inabadilisha mambo. Nzi mwenye njaa, kemikali ya neva inayoitwa sNPF huongeza nguvu ya ishara kutoka kwenye seli za DM1 pale pale mlangoni, kabla ya ubongo wa juu kuhusika. Kwa hiyo mkijaribu nzi wazima, wanyimeni chakula saa 18 hadi 24, maji wapewe, na muda uwe uleule kwa makundi yote. Kundi lililokula asubuhi na kundi lenye njaa haviwezi kulinganishwa.

---

fundi_sensa

Sasa kiroboti. Kuzunguka upande uleule kuna sababu ya moja kwa moja: MQ-3 mbili hazifanani hata zikitoka boksi moja. Ukinzani wake katika hewa safi hutofautiana sana, kwa hiyo ile yenye msingi wa juu "inashinda" kila wakati harufu inapokuwa hafifu. Badilishaneni sensa, ya kushoto iende kulia, bila kugusa programu. Mzunguko ukihamia upande wa pili, mmethibitisha.

Tatizo la pili ni mwendo wa sensa yenyewe. Kichwa chake ni oksidi ya bati iliyopashwa moto. Inapanda upesi kiasi lakini kushuka kwake huchukua sekunde nyingi. Nzi anatumia milisekunde 190 na 450. Mkiweka namba hizo kwenye programu, kiroboti hakitajua kamwe kwamba harufu imepotea, maana sensa bado inashuka kutoka kwenye mpigo uliopita. Msinakili namba, nakilini uwiano. Pimeni kwanza: sogeza pamba yenye spiriti mbele ya sensa kwa sekunde 1, ondoa, andika kila milisekunde 100, mwone inachukua muda gani kurudi nusu. Muda huo ndio uwe saa yenu ya "nimepoteza". Na mwendo wa kiroboti ushuke mpaka sentimita 2 au 3 kwa sekunde.

Msisome kiasi, someni mpando. Weka wastani wa polepole wa sekunde kama 20, utoe kwenye usomaji wa sasa, kisha angalia kama tofauti *inaongezeka*. Hapo mmeiga ule uchovu wa miunganiko aliousema nyuroni_50, na sensa kuhama taratibu kadiri chumba kinavyojaa mvuke hakutawasumbua tena. Sensa moja inatosha. Ile ya pili iwekeni akiba.

Upepo: usitumie potenshiometa (kipinga cha kuzungusha), msuguano wake ni mkubwa mno kwa feni ya mezani. Kata bawa jepesi la plastiki, lisimamishe juu ya mhimili mwembamba, gundisha kisumaku chini yake, na uweke sensa ya sumaku ya AS5600 milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye kisumaku. Inatoa pembe kwa hatua 4,096 kwa mzunguko, kupitia nyaya mbili za mawasiliano ziitwazo I2C. Bawa likae juu ya kiroboti, mbali na upepo wa mota. Kama AS5600 haipatikani, fungeni feni mahali pamoja, mpeni kiroboti dira na mwelekeo wa upepo uliokwishaandikwa. Ni njia ya mkato, ila inaonyesha kanuni.

Programu ina hali tatu tu. Mpando umepita kizingiti: kabili upepo, nenda mbele, anzisha saa upya. Saa imekwisha bila mpando mpya: geuka nyuzi 90 kwa upepo, nenda sentimita 15, rudi upande wa pili sentimita 30, halafu 60. Mikato mitatu au minne imeisha bila kitu: simama, jizungushe taratibu duara moja, kisha rudia mikato. Msikiruhusu kisonge mbele wakati kimepoteza harufu; hapo ndipo viroboti vingi hupita kando ya sahani na kuiacha nyuma.

Umeme: kipasha-joto cha MQ-3 kinavuta karibu milliampia 150 kwa volti 5. Pini ya kutoa ya Arduino haiwezi, na mkivuta mota na sensa kwenye chanzo kimoja, mota zikianza volti inadondoka na sensa inaonyesha harufu ya uongo. Betri mbili, waya hasi zikiwa zimeungwa pamoja. Sensa mpya iwashwe mfululizo saa 24 au zaidi kabla ya kuiamini. Umeme ukikatika usiku katikati ya zoezi hilo, anzeni tena, au mtumie betri ya solar. Siku za kawaida dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Spiriti ya asilimia 70, mililita 10 kwenye sahani pana, feni ya kasi ndogo kabisa, madirisha wazi *kati ya* mizunguko na kufungwa wakati wa mzunguko. Feni inazungusha hewa kama bisibisi. Panga mirija ya kunywea soda ikiwa imelala, mamia kadhaa ndani ya boksi lisilo na pande mbili, uiweke mbele ya feni, na mkondo utanyooka. Sahani iwe mbali na mota za brashi, zina cheche.

---

matooke_na_mbung'o

Nachangia kwa upande wa shamba, maana kanuni hii inaeleza kwa nini mtego mmoja unafanya kazi kwa mdudu mmoja na kushindwa kwa mwingine.

Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, ni mtembeaji wa usiku, ni nadra kuruka. Anavutwa na harufu ya mgomba uliokatwa na ya sordidini, feromoni inayotolewa na dume na kuvuta jinsia zote mbili. Kwa kuwa anakuja kwa miguu chini ya matandazo, mtego wa ndoo wenye maji ya sabuni lazima mdomo wake uwe sawasawa na udongo. Ukiinuka hata kidogo, mdudu anafika kwenye ukuta wa ndoo na kuishia kuuzunguka: harufu ilimleta, njia ikafungwa.

Mbung'o ni kinyume. Glossina pallidipes wa savana anafuata vizuri mchanganyiko wa asetoni, oktenoli na fenoli za mkojo wa ng'ombe. Glossina fuscipes fuscipes, anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria na mito yetu na ndiye msambazaji mkuu wa malale hapa Uganda, hujibu harufu hizo kwa unyonge sana. Yeye akikaribia anaongozwa zaidi na macho. Ndiyo sababu kule West Nile kandokando ya mito husimamishwa vitambaa vidogo vya bluu vya sentimita 25 kwa 25, pamoja na wavu mweusi wenye dawa wa ukubwa uleule, bila chupa yoyote ya harufu. Mwanafunzi akitaka kuona tofauti, aweke kitambaa hicho kwenye uwazi unaoonekana kutoka mtoni. Kikizibwa na majani, kazi yake imekwisha, kwa hiyo kufyeka mbele yake ni sehemu ya matunzo.

---

Kiwavi_Mbarara

Tumebadilishana sensa na mzunguko umehamia upande wa pili, kama fundi alivyosema. Swali moja la mwisho kwa fundi: mikato ya ubavu ipanuke mpaka wapi? Chumba chetu kina upana wa mita 3.

---

fundi_sensa

Mkato mpana usizidi upana wa mkondo wenyewe mara mbili. Upimeni: washa udi pale sahani inapokaa, feni ikiwa imewaka na mirija ipo, na uangalie moshi ukifika mita 2 umetandaa kiasi gani. Ukiwa sentimita 40, komesheni mkato kwenye sentimita 80. Udi ukishazimwa, subirini chumba kisafishike kabla ya kuwasha MQ-3, maana moshi nao inausoma.